Nataka kuacha kazi ya mikopo baada ya miaka 7 nikasomee umeme, nipeni mawazo kabla sijatuma barua

Mwana wa Sengerema

Wadau habari za jioni. Naomba mnivumilie maana itakuwa ndefu.

Nina miaka 33, niko Mwanza, mke na watoto wawili. Nilisomea uhasibu na tangu 2018 ni afisa mikopo kwenye taasisi moja ya fedha, sitaitaja jina. Kwa asiyeijua hii kazi, unatafuta wateja, unaunda vikundi, unakagua biashara, unapitisha mkopo halafu unafuatilia marejesho, na hapo kwenye marejesho ndo maisha yako yote yanaishia. Saa moja na nusu asubuhi tuko kikaoni, kila afisa anasomewa wateja wake waliochelewa mbele ya wenzake, na mikopo iliyopitisha siku 30 ikivuka asilimia 5 bonasi ya mwezi huo huioni hata kama umetoa mikopo kuliko wote. Saa mbili niko barabarani na pikipiki, Igoma, Buzuruga, Kirumba kwa akina mama wa dagaa, na tangu lile daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 nimeongezewa na vikundi vya upande wa Sengerema, maana zamani ulikuwa unaweza kusema nilisubiri kivuko, sasa hivi hamna. Nyumbani nafika saa mbili usiku. Jumamosi naingia pia. Likizo nzima mara ya mwisho nimechukua kabla mtoto wa pili hajazaliwa, na sasa hivi anatembea.

Kiukweli nimechoka. Jumapili ikifika saa kumi na mbili jioni tumbo linaanza kuuma, sio mfano, linauma kweli. Mwezi uliopita tulienda kukamata vitu kwa mteja wangu mmoja wa Kirumba anauza dagaa, mama wa watu nimemkopesha mara tatu na zote alimaliza vizuri, hii ya nne ikamshinda. Tuko na mwenyekiti wa mtaa, tukabeba friji na cherehani ya binti yake, kuna katoto kanalingana na wangu kamesimama mlangoni kanatuangalia tu. Siku hiyo sikula.

Sasa nimeona mambo ya fedha sio yangu, nilikosea tangu chuo. Nataka niache nikasomee umeme wa majumbani VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, halafu nijiajiri, vitu vya umeme nilikuwa navipenda tangu mdogo, nilikuwa nafungua redio za baba. Akiba ninayo ya kula kama miezi 4. Mke wangu anasema nisubiri. Barua nimeshaiandika iko kwenye simu. Kuna mtu humu aliyebadili fani kabisa akiwa na umri huu anipe uzoefu?

Kijana wa Buza

Mkuu acha hiyo kazi. Mpaka tumbo linauma Jumapili unasubiri nini tena? Mi niliacha kazi ya kuajiriwa 2021 naendesha bajaji yangu mwenyewe na sijajuta hata siku moja, hela haijawa nyingi kivile ila nalala. Umri haurudi nyuma, na fundi popote alipo anakula.

Da Mwajuma

Mdogo wangu pole sana. Hiyo barua iache kwanza hapo kwenye simu.

Nimekaa kwenye idara za utumishi miaka 11, barua za kuacha kazi nimepokea nyingi sana na karibu zote zimeandikwa "sababu binafsi", na zamani nilidhani watu wanaficha, siku hizi nimeelewa kuwa wengi hata wenyewe hawajui sababu ni ipi. Ukimkalisha mtu ukamuuliza taratibu, hebu niambie siku moja tu, ile iliyokuchosha kuliko zote, ilikuwaje kuanzia asubuhi, ndo anaanza kutaja kitu ambacho mara nyingi hakihusiani na fani yake kabisa.

Nimeisoma post yako mara mbili. Umetaja masaa, umetaja kusomewa mbele ya wenzako, umetaja likizo, umetaja eneo kuongezwa, umetaja friji la yule mama. Hakuna mahali umesema hupendi hesabu, hakuna mahali umesema hupendi wateja. Halafu mwisho unasema "mambo ya fedha sio yangu". Hiyo hukumu umeitoa wapi?

Kuna mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Frederick Herzberg, mwaka 1959 alitoa kazi yake aliyofanya na wahandisi na wahasibu kama 200 wa Pittsburgh, aliwauliza swali rahisi tu, nieleze siku uliyoifurahia kazi yako sana na siku uliyoichukia sana. Akagundua majibu hayafanani. Yanayomkera mtu ni bosi, sheria za kazini, mshahara, mazingira. Yanayomfurahisha ni kuona kazi aliyoifanya imezaa kitu, kuaminiwa, kutambuliwa, kukua. Wako waliombishia baadae lakini mimi kwenye kazi yangu nimeona linasaidia kupanga mawazo, kwa sababu ukiondoa kero unapata utulivu, hupati mapenzi ya kazi, na mtu anaweza kuwa anaipenda kazi yake huku kero zimemfunika mpaka haoni. Kwa hiyo jiulize, kero zikiondoka zote kesho, chini yake kuna kitu au kuna utupu? Kama ni utupu hapo ndo badilisha fani.

Na haki zako zijue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, yanayozidi ni kwa makubaliano na yanalipwa mara moja na nusu, likizo ni siku 28 kwa mwaka. Wewe sio meneja, hiyo inakuhusu. Kuacha pia kuna taarifa ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, angalia mkataba usije ukawa unasema zaidi. Na NSSF lile fao la upotevu wa ajira ni la aliyepoteza kazi, sio aliyeacha mwenyewe, watu wengi wanalipigia hesabu halafu wanafika dirishani wanarudishwa.

Nesi wa Likoni

Mimi niko Mombasa, ni muuguzi, na haya ya tumbo Jumapili nayajua. Mimi lilikuwa linaanza nikiona gari la feri.

Mwaka wangu wa tisa kazini nilikuwa nimeamua naacha uuguzi nifungue biashara ya keki, oveni nilishanunua. Nilikuwa wodi ya usiku karibu mwaka na nusu mfululizo, na nilifika mahali mgonjwa akiniita nakasirika, mimi ambaye nilisomea hii kazi kwa kuipenda. Nikajiambia basi moyo wa uuguzi umeniisha.

Ni dada mmoja tuliyekuwa naye kazini ndiye aliniambia haya ninayoyasikia yana jina. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 waliiweka hiyo hali kwenye orodha yao, banauti, na hawakusema ni ugonjwa, walisema ni jambo linalotokana na kazi, stresi ya muda mrefu ambayo haikushughulikiwa. Dalili ni tatu, kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi lolote la maana. Nilikuwa nazo zote tatu. Niliomba likizo nikaomba na kuhamishwa kliniki ya mama na mtoto mchana. Mwezi wa pili hivi nikajikuta nimekaa na mama mmoja namwonyesha jinsi ya kumshika mtoto anyonye, nusu saa imepita sina habari. Nilipotoka pale nililia kidogo, kwa furaha.

Lakini ndugu yangu sikuambii na wewe itakuwa hivyo. Huyo dada aliyeniambia, yeye alipumzika mwezi mzima, akarudi, na siku ya pili tu hakuitaka kazi. Aliacha na sasa anashona na ana amani. Kupumzika ndiko kulitutofautisha, kabla ya hapo mimi na yeye tulikuwa tunalalamika maneno yaleyale.

Mzee wa Leja

Bwana mdogo mimi nimekaa kwenye hizo hizo kazi zenu, benki tatu kwa miaka sita. Ya kwanza niliondoka kwa sababu ya meneja, nikasema huyu mtu ndo tatizo. Ya pili meneja alikuwa mtu mzuri sana, mcha Mungu, na baada ya miezi mitano nikaanza kuchoka vilevile, nikasema ni mshahara. Ya tatu wakaniongezea mshahara vizuri tu. Miezi minne. Ndipo nikakaa chini nikagundua kitu ambacho kilikuwepo kote nilikopita, mimi sipendi kazi ya kuomba, ile kumpigia mtu simu ili achukue kitu ambacho hajakiomba. Bosi hakuhusika, benki haikuhusika. Nikahamia upande wa ukaguzi wa ndani, fani ileile, cheti kilekile, nina mwaka wa kumi na mbili sasa na Jumapili yangu iko salama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kizee, nunua daftari la mia tano. Kila jioni andika mistari mitatu tu, leo nilikuwa wapi, saa ngapi nilijisikia vibaya kuliko zote na nilikuwa nafanya nini, na kuna saa ilipita bila kuangalia simu? Usiandike maoni, andika tukio. "Kazi mbaya" sio tukio. "Saa nne, nampigia fulani mara ya tano" hilo ni tukio. Na fanya mwezi mzima usipungue, maana kazi ya mikopo wiki ya kwanza na wiki ya mwisho ni kazi mbili tofauti.

Na kama una mkopo wa wafanyakazi, soma ule mkataba leo. Sehemu nyingi ukiondoka riba inapandishwa iwe ya mteja wa kawaida. Hiyo akiba ya miezi 4 inaweza ikawa ya miezi miwili.

Kijana wa Buza

Wazee mnamtia mwenzenu uoga. Daftari mwezi mzima huku mtu anaumwa tumbo?

Mzee wa Leja

Hapana kijana wangu, na wala sisemi asiache. Tumbo akapimwe hospitali, hilo ni la kesho asubuhi, inaweza kuwa vidonda kweli. Ila miaka saba ameshavumilia, mwezi mmoja wa kuandika hautamuua, na kuacha bila kujua unakimbia nini ni kubahatisha na watoto wawili mgongoni.

Fundi Waya Moro

Mi ndo fundi umeme, Morogoro, mwaka wa 14 huu. Niseme ukweli wa huku kwetu maana naona wengi mnaisifia kutoka mbali.

Kazi ni nzuri na naipenda, siwezi kudanganya, ukiwasha swichi ya kwanza nyumba ikawaka yote kuna raha fulani hivi haielezeki. Lakini kuna kuchimba kuta siku nzima vumbi limejaa masikioni, kuna kupanda darini saa saba mchana bati linachemka, na ukitaka kusaini kazi kihalali unahitaji leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, kuna madaraja yake, sio kumaliza chuo tu na kuanza. Kwanza wanakupa kazi ndogondogo za jirani.

Ila kubwa ninalotaka kukwambia kaka ni KUDAI. Huku robo ya kazi yangu ni kudai. Mwenye nyumba anakupa nusu, unamaliza, ya mwisho anakwambia subiri nimalizie rangi, halafu simu haipokelewi, nimewahi kukaa nje ya geti la mtu kuanzia saa kumi na moja asubuhi ili nimkute kabla hajatoka. Wewe umesema kinachokutesa ni kufuatilia marejesho. Sasa utakuwa unafuatilia hela yako mwenyewe, na huku hakuna mwenyekiti wa mtaa wa kwenda naye.

Kabla hujaacha tafuta fundi hapo Mwanza mwombe ukamshikie waya hata wiki moja ya likizo. Bure, usidai chochote. VETA pia wana kozi fupi, kaulizie chuo cha hapo. Wiki moja inakuonyesha mengi kuliko sisi wote humu.

Da Mwajuma

Fundi ubarikiwe, hilo la kudai mimi nisingeliwaza.

Mwana wa Sengerema

Wadau nimerudi, ni wiki ya sita sasa. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nafanya mliyoniambia.

Tumbo nilipima, nina vidonda kweli, natumia dawa. Mzee wa Leja Mungu akuweke.

Likizo niliomba siku 14, walinikatalia mara ya kwanza, nikaandika barua nikataja ile sheria kwa adabu tu, wakanipa. Siku nne za kwanza nililala kama mgonjwa. Halafu nikaenda kwa fundi mmoja wa Nyakato nikamshikia waya siku sita kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Siku mbili za kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijaipata muda mrefu nikasema ndo hapa. Siku ya nne fundi akaniagiza niende kwa mwenye nyumba nyingine waliyomaliza kumkumbusha hela iliyobaki, ni elfu themanini tu. Nilifika getini tumbo likashika palepale, kama Jumapili. Nikasimama nje kama dakika kumi. Fundi Waya, nilikukumbuka.

Sasa daftari. Nimeandika siku zote za kazi, hata za likizo niliandika. Kilichonishangaza kwanza ni zile saa zilizopita bila kuangalia simu, ziko nyingi kuliko nilivyodhani, na karibu zote nilikuwa nimekaa na mteja dukani kwake namwonyesha kuandika mauzo, au namkatalia mtu mkopo kwa kumpigia hesabu mpaka mwenyewe akaona hautamfaa. Kuna mama wa Igoma nilikaa naye saa moja na nusu kwenye daftari lake la unga. Nimeandika "nilisahau kula". Kwa hiyo niliposema "mambo ya fedha sio yangu", hapo nilijidanganya.

Saa mbaya zilikuwa za kudai, hilo nililijua. Ila sio kudai kote. Wateja wa Igoma wa maduka wakichelewa nakwenda tunaongea tunamaliza, silali na mawazo. Mbaya zote zilikuwa Kirumba, na hazikuwa kila wiki, zilirundikana pamoja halafu zinapotea halafu zinarudi. Niliangalia lile daftari usiku mke wangu ndo akaniuliza, siku hizi si ndo za mbalamwezi? Yeye kwao ni Ukerewe.

Wadau nilikaa kimya muda mrefu. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haimvuti, wavuvi wanapumzika wiki na zaidi, mama wa kuanika na kuuza hana mzigo. Na mimi marejesho yangu ni ya kila wiki, sawa na ya mwenye duka la soda. Akiteleza mbalamwezi anapigwa faini, giza likirudi hela inaliwa na faini na wiki za nyuma, mtaji unapungua, mbalamwezi inayofuata anateleza zaidi. Nikafungua kalenda nikaangalia siku tuliyobeba lile friji. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu.

Yule mama hakuwa mkaidi. Nilimpa mkopo uliokatwa vibaya na mimi ndiye niliyeusaini, na nadhani ndani yangu nilikuwa nalijua hili muda wote, ndo maana sikula. Nimeenda kumwona. Friji lilishauzwa. Cherehani bado ilikuwa stoo ofisini, nimeongea na bosi, nimelipia mimi kidogo kidogo imerudi.

Bosi nimemwambia kuhusu marejesho ya wateja wa dagaa yafuate giza, mara moja kwa mwezi wa angani badala ya kila wiki. Hakukataa, amesema weka kwenye maandishi na hesabu za vikundi viwili vya majaribio. Wakikataa nitatafuta taasisi inayokopesha kwa msimu kama ya wakulima, cheti changu hakijaharibika. Barua sijaifuta.

Mtu wa Mwaloni

Nimesajili akaunti leo kwa ajili ya hii post tu. Mimi nanunua mzigo Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa, miaka mingi, ulichoandika ni kweli tupu, tumekisema kwa maafisa wengi wanatuona tunatafuta sababu. Wengine hapa wanakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili walipe marejesho ya mbalamwezi. Ukitaka watu wa kukupa hesabu halisi njoo asubuhi, tutakaa.

Mwana wa Sengerema

Kaka nakuja Jumatatu. Swali moja ili niandike vizuri, giza likianza hela inashikika mkononi mwa mama siku ya ngapi? Nataka nijue rejesho liwekwe wapi.

Mtu wa Mwaloni

Usiku wa kwanza na wa pili mzigo unakuwa mdogo, mwezi bado unachomoza mapema. Kuanzia wa tatu ndo unapata. Jua likiwa zuri dagaa anakauka siku hiyohiyo, ila mnunuzi mkubwa wa kupeleka Kongo analipa akishapakia, na hapakii mpaka gari lijae. Mvua ikinyesha ongeza siku mbili tatu, na dagaa aliyenyeshewa bei inashuka. Usiweke kabla ya wiki.

Mwana wa Sengerema

Basi rejesho naweka siku ya kumi ya giza, na kwenye miezi ya mvua siku ya kumi na mbili. Naandika usiku huu.